Mlango Kegonga, Usukani Muhuru

Vijana wangu, kwanza niwape pole. Nasikia siku hizi mnatafuta magari ya zamani kwa kidole. Mtu amejilaza kitandani Homa Bay, anapitisha picha kwenye simu, anaona Pijo inang'aa kama sufuria ya bi harusi, anatuma ujumbe, na keshokutwa yuko dukani akiulizia spea za gari ambalo hata hajalisikia likinguruma. Namwuliza, "Umeliona?" Ananijibu, "Nimeliona, nyanya, picha zake ni mingi." Namwuliza kama hizo picha zina harufu. Hapo hunitazama kwa huruma, kama mtu anayetaka kunishika mkono anivushe barabara.

Jina langu ni Zuhura, lakini ukiuliza Zuhura kuanzia Migori mjini hadi Homa Bay, utazunguka mpaka jua lichwe. Uliza Mama Spea. Nilizaliwa Mombasa, nikaolewa na mwanamume aliyetaka kuuza vipuri mahali ambapo, kwa maneno yake, magari huharibika lakini hayatupwi. Alijua alichokuwa akisema. Tukafungua duka Migori. Yeye akakaa kaunta, na mimi nikaanza kuwatafutia watu magari, kwa sababu kila aliyekuja kununua kifaa alikuwa na mjomba mwenye gari lililolala nyuma ya nyumba. Sasa magoti yamekataa kabisa kuingia uvunguni, kwa hiyo nimestaafu. Nimebaki na mdomo tu, nao haujapewa barua ya kustaafu.

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaotaka gari la zamani kwa bei ya mfuko wenu. Ukweli wa gari hauko sebuleni, uko jikoni. Sebuleni utamkuta mwenye gari amevaa shati la kola, anakueleza sifa. Jikoni yuko mkewe, na mkewe ndiye anayesukuma.

Nilikwenda mara moja kwa mwalimu mstaafu kule Rongo aliyekuwa akiuza Pijo lake. Akaniapia kwa Biblia.

"Mama Spea, hii gari tangu ninunue haijawahi kunisumbua. Hata siku moja."

Nikamshukuru, nikasema naenda kumsalimia mama. Mama nilimkuta akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nikachukua ungo nami nikachambua, kwa maana huwezi kumhoji mtu ambaye mikono yake ina kazi na yako haina. Baada ya muda nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, eti gari la mwalimu halisumbui?

"Haimsumbui yeye," akasema. "Yeye si hukaa kwa usukani? Ni mimi na watoto tunasukuma."

"Mnasukuma mpaka wapi?"

"Mpaka pale kwa kanisa. Pale kuna mteremko, inawaka. Ndiyo maana sisi hatujawahi kukosa ibada."

Gari tulilinunua, tena lilikuwa gari zuri. Lakini tulilinunua kwa bei ya gari linalosukumwa, na mwalimu mpaka leo hajui ni nani aliyemsaliti. Naye mkewe alinisindikiza mpaka barabarani akiniombea baraka zote anazozijua.

Mengine nilifunzwa na marehemu Fundi Obura, aliyekuwa na karakana nyuma ya duka letu. Mzee huyo hakuwa na haraka na gari lolote. Alisema nenda asubuhi, na kabla ya salamu weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ujue wameliamsha kabla hujafika, na mgonjwa aliyepewa dawa kabla ya daktari kuja hapimiki. Tazama majani chini ya gari: penye mafuta yanayovuja hayaoti. Gari lililobeba samaki funga vioo, liache juani, unywe chai yako taratibu, kisha ufungue mlango. Ukirudi nyuma hatua moja, mwambie mwenyewe apunguze bei. Ukirudi mbili, mwage kwaheri. Magari ya huku ziwani sakafu zake huliwa na maji ya samaki. Ya Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, springi zake zimechoka kwa kubeba mawe. Ya Kegonga, kule milimani kwa Wakuria, bodi huwa nzima lakini klachi imekwisha kwa kupanda.

Tena alinipa sumaku, kaitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ukiipitisha juu ya bodi, penye chuma inanata, na pale fundi aliposiliba kutu kwa fila, ule udongo wa kuzibia bodi, haishiki, inaanguka. Nikaona nimeshakuwa profesa. Siku yangu ya kwanza kwenda peke yangu nikapelekwa kwenye Landrova. Nikaweka sumaku mlangoni, ikaanguka. Nikaweka ubavuni, ikaanguka. Boneti, ikaanguka. Nikamgeukia mwenyewe mbele ya watoto wake na majirani, nikamwambia, "Mzee, huna gari. Hii yote ni fila." Nilirudi Migori nikitembea kifua mbele. Fundi Obura aliposikia alikaa chini kwenye tairi, akacheka mpaka akashika mbavu. Ndipo akaniambia kwamba bodi ya Landrova ni ya aluminiamu, na sumaku haishiki aluminiamu hata ungeiombea dua. Kwa muda mrefu nikipita karakana mafundi walikuwa wakiita, "Mama Fila!"

Kwa hiyo Landrova mimi naziheshimu. Na hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia, ya nyumbani kwa Mama Risper, kwa maana kila mtu anayenunua gari la zamani hudhani ananunua kwa mtu mmoja. Hapana. Huku kwetu gari la zamani ni la boma zima. Ukilipata kwa mtu mmoja tu, utakutana na ndugu yake akikusubiri barabarani amepanda pikipiki.

Miaka michache kabla sijastaafu alinijia kijana mmoja wa Homa Bay, Brian, fundi wa simu. Alitaka Landrova ya zamani, na alikuwa na pesa za kununua nusu yake. Nikakumbuka ile iliyokuwa kwa Mama Risper, upande wa barabara ya Mbita. Mumewe, aliyekuwa bwana shamba, alikuwa amefariki, na gari limekaa pale chini ya paa la mabati. Nikamwonya Brian njiani: gari la marehemu, siku ya kwanza hatuliangalii. Tunaangalia watu. Tunakaa, tunakunywa chai, tunauliza habari za mifugo. Gari likiwa zuri halitakimbia, na likiwa baya haliwezi.

Brian alikubali yote. Kisha tulipofika, kabla sijamaliza salamu, nikaona viatu vyake vyeupe vinakatiza katikati ya kuku kuelekea kwenye mabati. Akarudi mbio.

"Mathe! Hii ndai haina usukani!"

"Kaa chini, Brian."

"Na mlango ya dereva hakuna!"

"Kaa chini unywe chai."

"Nimefungua boneti, hata kabureta imeenda!"

Mama Risper alicheka mpaka akaweka birika chini. Ni mwanamke mrefu, mkimya, na kicheko hicho kilikwisha ghafla kuliko kilivyoanza. Akatueleza. Alikuwa na wana watatu. Baada ya mazishi kila mmoja alisema baba alimwachia gari yeye, na kila mmoja alikuwa na shahidi wake, ambaye naye alikuwa marehemu. Kwa kuogopa kwamba wenzake wangeliondoa gari, kila mmoja alifungua kifaa kimoja akaenda nacho. Odhiambo, mkubwa, alikwenda na usukani Muhuru Bay anakouza omena. Ochieng, wa katikati, akaenda na kabureta Masara kwenye machimbo. Okoth, kitinda mimba, alikuta wakubwa wameshamaliza vitu vya maana, akaenda na mlango Kegonga alikooa.

"Mimi gari sina shida nayo," akasema Mama Risper. "Karatasi za korti ziko kwa jina yangu, naweza kuuza leo. Lakini watoto wangu hawajakula sahani moja tangu baba yao azikwe. Krismasi huyu akija, yule anaenda. Mama Spea, nimezeeka. Nikifa hivi, watakula chakula ya matanga yangu wakiwa wamepeana mgongo."

Niliweka kikombe changu chini. Brian naye alitazama viatu vyake.

"Wewe si ni jagam?" Mama Risper akaniuliza. Jagam kwa Kijaluo ni mshenga, yule anayekwenda nyumba hii na nyumba ile mpaka ndoa ikasimama. "Unatafutia watu magari vile jagam hutafutia mtu bibi. Basi nitafutie watoto. Wakuje siku moja, kila mtu afunge na mkono yake ile kitu alifungua. Wakifanya hivyo, huyu kijana nitamuuzia bei anaweza."

Vijana, kuna jambo moja mjue kuhusu washenga. Mshenga husema uongo kidogo. Hasemi mkubwa, anasema ule wa kutia chumvi mboga. Mimi nilikwenda kwa wale ndugu watatu nikiwa na uongo mmoja tu, ule ule: nilimwambia kila mmoja kwamba wenzake wawili wamekwisha kukubali.

Kwa Odhiambo nilikuta usukani umetundikwa ukutani juu ya mizani ya kupimia omena, pale watu wengine wanapotundika picha ya harusi. Ulikuwa umepakwa mafuta ukang'aa.

"Mimi ndio kifungua mimba," akaniambia. "Gari ya baba bila mimi itaenda wapi? Wataishika na nini, na masikio?"

"Wenzako wamekubali kuja Jumamosi," nikasema.

Akaanza kupanga mifuko iliyokuwa imekwisha kupangwa. "Ochieng amesema atakuja? Kwa mdomo yake?"

"Kwa mdomo wake, na anakuulizia hali," nikasema, nami Ochieng nilikuwa bado sijamtia machoni.

Ochieng nilimpata Masara amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alinipeleka chumbani kwake, akavuta beseni kutoka chini ya kitanda. Kabureta ilikuwa imelala ndani, safi kuliko vyombo vyangu vya Idi.

"Kila Jumapili naosha na petroli," akasema. "Hao wengine wangeacha ishike kutu."

"Sasa unaiosha hivyo uifunge wapi?"

 Akaifunika tena kwa kitambaa, polepole, kama anayefunika mtoto. Kisha akauliza kama ni kweli Odhiambo amekubali. Nikasema ni kweli. Akauliza alisemaje hasa. Nikamwambia tena, na akauliza mara nyingine, na hapo niliona uchungu kwa ajili yao. Wanaume wazima hawa! Kila mmoja alikuwa akitunza kipande chake vizuri kuliko walivyolitunza gari zima, na wote watatu walikuwa wakingoja mtu wa kutumwa.

Okoth ndiye aliyenichekesha. Mlango wa Landrova alikuwa ameupachika kwenye banda la kuku. Dirisha lake la kuteleza lilikuwa linafanya kazi vizuri, jioni analifungua kidogo kuku wapate hewa.

"Kuku zangu zinaishi kama waheshimiwa," akasema. Halafu akaacha kucheka. "Mama Spea, mimi sikutaka mlango. Hao wakubwa hata hawakuniuliza kitu. Nilichukua mlango kwa sababu ndio ilibaki."

"Basi ulete."

"Na kuku?"

"Kuku watumie mlango wa mbao kama kuku wenzao."

Jumamosi ilipofika, Odhiambo alitangulia na usukani ndani ya gunia la omena. Ochieng akaja na beseni lake mapajani. Walisalimiana na mama yao, wakanisalimia mimi, wakawasalimia hata kuku, lakini wao kwa wao hawakuonana. Kisha bodaboda ikaingia langoni, na nyuma yake Okoth amekumbatia mlango, uso wake ukichungulia dirishani. Mimi na Brian tulicheka. Ndugu zake waliuma midomo.

Kila mmoja akaanza kazi yake kimya. Lakini gari, wanangu, halitengenezwi na mtu mmoja mmoja. Odhiambo akaweka usukani mahali pake, akatafuta nati ya kuukaza, hakuna. Akajipapasa mifuko yote. Ochieng, bila kuinua kichwa, akaingiza mkono kwenye beseni akaitoa. Aliiokota siku ile walipogombana, akaiosha pamoja na kabureta Jumapili zote hizo. Akamnyooshea.

"Spana," akasema Odhiambo.

"Ngapi?"

"Ile ya baba."

Okoth akaenda akaitoa ndani ya nyumba, alijua ilipo. Halafu ikawa shika hapa, inua kidogo, hapana, si hivyo, baba alikuwa anaanza na hii ya chini. Halafu ikawa unakumbuka siku ile alisahau mama kwa mnada wa ng'ombe, akafika mpaka nyumbani anaongea na kiti? Watatu hao wakaegemea boneti wakicheka. Brian akaleta betri na petroli. Landrova ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikawaka na kutoa moshi wa kutosha kukausha samaki mbuta wa wiki nzima. Kuku wakatawanyika. Brian akapiga kelele kwamba hii ndai ni moto.

Ningependa kuwaambia kwamba hadithi imekwisha hapo. Odhiambo aliipigapiga boneti, akasema, "Mama, sasa imepona. Tusiuze. Nitakaa nayo mimi, mkubwa."

"Kwa nini wewe?" akasema Ochieng. "Bila kabureta yangu ingewaka?"

"Na bila mlango?" akasema Okoth.

Nikaona mikono ikianza kurudi kwenye spana, safari hii si ya kufunga. Mama Risper alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akiona yote. Akaniita kwa kidole.

"Ilipokuwa maiti walipigana," akaninong'oneza. "Sasa iko hai, si wataniua nayo? Karatasi nimeshamaliza na Brian asubuhi kwa chifu. Sikia, jagam. Mimi nawaita kula. Mtu akishaweka mkono kwa sahani ya mamake, hainuki mpaka chakula iishe. Hiyo nimewafunza wakiwa wadogo, na kiboko. Mwambie kijana wako akiona mikono imeingia, aende."

Nikamwendea Brian nikamweleza. Alisikia harufu ya samaki akahuzunika.

"Na mimi sili?"

"Wewe umekula Landrova," nikamwambia. "Panda."

Ndani, Mama Risper aliweka sinia moja mezani: mlima wa ugali, na kichwa kikubwa cha mbuta kinaelea kwenye mchuzi. Hakuweka sahani nyingine hata ya kufunikia. Wana watatu wakanawa, wakatazamana, wakatafuta mahali pengine pa kukaa, hapakuwapo. Odhiambo akakaa karibu na sinia kama mkubwa, Okoth kando yake, na Ochieng akavuta kiti chake akakiacha mbali, karibu na mlango, hivi kwamba kila tonge ilimbidi anyooshe mkono mzima. Wakaanza kula.

Hapo nje Landrova ikanguruma.

Mikono mitatu ilisimama. Odhiambo aliinuka nusu, tonge likiwa bado kwenye vidole, akamgeukia mama yake.

"Kula," akasema Mama Risper.

Tukaisikia ikiingia gia, ikipita kando ya nyumba, ikitoka langoni. Tukaisikia ikipanda barabara kuu mpaka haikusikika. Odhiambo alikuwa bado hajakaa, na mimi moyo wangu ulikuwa ukinidunda kama wa msichana anayeposwa. Kisha akakaa. Akatazama kile kichwa cha mbuta, akamtazama Ochieng kule mlangoni na ule mkono wake mrefu, akalishika sinia kwa mikono miwili akalisukuma katikati ya meza.

"Sogea hapa," akamwambia. "Utamwaga mchuzi."